Risala ya Wakazi wa Jirani na Kiwanda cha Saruji kwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Uongozi wa kiwanda,
Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Mheshimiwa, umeikuta barabara yetu imemwagiwa maji. Hayo ni maji ya ugeni. Siku nyingine hatuyaoni.

Kiwanda hiki hatukichukii. Vijana wetu wameajiriwa humo na mama lishe wetu wanauza getini. Kilichotusimamisha mbele yako ni vumbi la usiku. Mchana bomba hutoa moshi mwepesi; ikishapita saa sita usiku hufuka wingu zito la kijivu. Alfajiri tunafagia vumbi hadi juu ya vitanda. Likinyeshewa huganda kwenye bati na kuziba mifereji ya kukingia maji.

Tulipouliza, tulijibiwa kuwa mtambo wa umeme unaonasa vumbi huzimwa gesi ya kaboni monoksidi inapozidi, usije ukalipuka. Tumeelewa. Lakini gesi hiyo huzidi mafuta yasipoungua sawasawa tanurini. Mbona hitilafu hiyo huchagua saa ambazo mkaguzi amelala?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka vumbi laini kabisa, lile lifikalo ndani ya mapafu, lisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo ya hewa katika saa 24. Sisi hatujaonyeshwa hata tarakimu moja ya hewa tunayovuta.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kipimo cha vumbi kifungwe bombani na kisome usiku na mchana.
2. Kila mara mtambo wa kunasa vumbi unapozimwa, saa na muda viandikwe, na taarifa ibandikwe ofisi ya mtaa kila Jumatatu.
3. Tutajiwe tarehe ya kufunga chujio la mifuko, lisilolazimu kuzimwa gesi ikizidi.
4. Malori yanayobeba klinka ya kusagwa kuwa saruji yafunikwe turubai, na barabara imwagiwe maji hata pasipo mgeni.
5. Wakaguzi wa mazingira waje usiku, bila kubisha hodi.
6. Wakazi wapimwe mapafu kwa gharama ya kiwanda.

Mheshimiwa, shuka iliyotandikwa meza yako tuliianika jana jioni ikiwa nyeupe. Hatukuikung'uta makusudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa mtaa