Kamera jijini hazitatufaa iwapo kanda zaweza kufutwa

KAMERA za CCTV zimeenea jijini Nairobi hivi kwamba mkazi wa Kileleshwa au Westlands anayefika kazini katikati mwa jiji huwa tayari amenaswa langoni mwa nyumba yake, barabarani, kwenye duka la jumla na mlangoni pa ofisi. Anachojua ni kwamba ameonekana. Asichojua ni nani anayeitunza picha yake, na nani ana uwezo wa kuifuta.

Itakumbukwa kwamba mbio za kuweka kamera za serikali zilichochewa na shambulio la kigaidi katika jumba la Westgate, Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Mwaka uliofuata, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya Sh14.9 bilioni kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na uchunguzi. Mitambo ya Huawei ilitumika, na takriban kamera 1,800 zikawekwa katika miji ya Nairobi na Mombasa.

Wakati huo mjadala bungeni ulihusu gharama na jinsi zabuni ilivyotolewa. Suala la utunzaji wa picha zenyewe halikupewa uzito uliostahili. Miaka kadhaa baadaye, gharama ya kupuuza suala hilo ilidhihirika katikati mwa jiji, ndani ya kituo cha polisi.

Mnamo Juni 7, 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kuhusiana na ujumbe uliochapishwa mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Bw Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na usiku huo huo akafariki. Polisi walidai kuwa alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia walibaini majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, wakasema hakujiumiza mwenyewe.

Wachunguzi wa Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA, walipotafuta kanda za CCTV za kituo hicho, walikuta mitambo imevurugwa. Fundi wa kamera alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Baadaye mwezi huo, watu sita, wakiwamo maafisa watatu wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, wakakana.

Tukio hilo lilinganishwe na la Westgate. Jeshi lilipokanusha kwamba wanajeshi wake walipora maduka wakati wa operesheni, kamera za jumba hilo zilionyesha askari wakitoka na mifuko ya bidhaa. Oktoba 2013, Mkuu wa Majeshi wakati huo, Jenerali Julius Karangi, alitangaza kwamba wanajeshi wawili walikuwa wamefutwa kazi na kufungwa.

Tofauti ya matukio hayo mawili haikuwa ubora wa kamera. Westgate, mitambo haikuwa mali ya waliotuhumiwa. Katika Kituo Kikuu, mitambo ilikuwa mikononi mwa asasi iliyokuwa ikichunguzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na ushahidi ulioachiwa mshukiwa autunze haukawii kupotea.

Upande wa pili wa sarafu ni kanda kuvuja. Hapa sheria imeonyesha makali, ila kwa wadogo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu ya Casa Vera, iliyoko Barabara ya Ngong, Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma, Uthiru, ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Adhabu hizo zilifaa. Aidha, kanuni za 2021 zinamtaka anayeendesha kamera za usalama ajisajili hata kama biashara yake ni ndogo. Hata hivyo, Kifungu cha 51 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinaruhusu msamaha pale inapohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Msamaha huo usipowekewa mipaka, mwenye klabu atabanwa huku mwenye mtandao mkubwa kuliko wote akiponyoka.

Kadhalika, kamera iliyounganishwa na intaneti ni kompyuta kama nyingine yoyote. Mwaka wa 2016, wahalifu waliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa kuwa wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Walizitumia kulemaza mitandao mikubwa, ukiwamo Twitter, kwa saa kadhaa. Msimamizi wa ploti Kilimani anayeacha nywila ya kiwandani amewaachia wageni mlango wazi.

Yafaa basi Bunge litunge sheria mahususi kuhusu kamera. Kwanza, kanda za seli na meza ya kupokea washukiwa katika kila kituo zinakiliwe papo hapo katika hifadhi isiyosimamiwa na polisi. Pili, kila anayefungua, kunakili au kufuta kanda aandikishwe katika daftari ambalo yeye mwenyewe hawezi kulibadilisha. Tatu, muda wa kuhifadhi picha za raia wasio na hatia utajwe, na ukiisha zifutwe. Nne, polisi wanapotaka kanda za majumba ya watu binafsi, ombi liwe la maandishi na lenye sababu.

Masharti haya hayawazuii polisi kuwasaka magaidi. Afisa mwadilifu atayafurahia, kwa kuwa kanda iliyotunzwa vyema itamtetea siku atakaposingiziwa. Katiba, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkenya ambaye kodi yake imenunua kamera anastahili haki zote mbili, na familia ya aliyefia seli haipaswi kuambiwa kwamba kanda ya usiku huo haipo.