Kodi ya Likizo Ipigiwe Hesabu

Kila tukikaribia likizo ndefu maneno ni yale yale: "Lipia chumba, la sivyo toa vitu vyako." Bumu haliingii likizo, ila mwenye nyumba anataka miezi 12 kamili. Tunalalamika kwenye makundi ya WhatsApp, tunamwita mnyonyaji, halafu tunalipa. Kelele tunazo za kutosha. Hesabu ndiyo hatuna.

Nasomea ualimu, na nawahakikishia hii ni hesabu ya darasa la saba. Chukulia nyumba ya vyumba 10, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Toa miezi mitatu ya likizo vyumba vikiwa havilipiwi, inabaki 5,400,000. Toa maji, usafi, kunyonya choo, rangi na mabomba, tuseme 1,400,000. Linabaki pato halisi la uendeshaji: 4,000,000. Ligawe kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa leo, tuseme milioni 50. Unapata asilimia 8, ambayo wenzetu wa fedha wanaiita kepu reti. (Kodi ya jengo sijaiweka. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na huku mitaani anayenunua umeme ni mpangaji. Hilo nalo tulidai.)

Rejesho la mkopo wa benki haliingii humo kabisa. Hapa ndipo tunapopigwa. Mwenye nyumba akisema "benki wananidai", anazungumzia deni lake, si gharama ya chumba chako. Jirani yake aliyejenga bila mkopo, nyumba ile ile, ana pato lile lile.

Sasa tulipe wote likizo nzima: pato linapanda hadi 5,800,000, asilimia 11.6. Nyongeza yote imetoka kwa watu wasiolala humo wala kutumia maji.

Lakini jamani, asilimia 8 si wizi. Na godoro lako likibaki ndani, chumba hakiwezi kupangishwa kwa mwingine. Lazima hilo tulilipie kitu.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi ipeleke kwa wenye nyumba pendekezo moja: nusu kodi wakati wa likizo, iandikwe kwenye mkataba kabla mwaka wa masomo haujaanza. Kwa nyumba yetu ya mfano pato litakuwa 4,900,000, asilimia 9.8. Atakayekataa atuonyeshe hesabu yake.