Rangi ya Mkebe na Pumzi za Jirani

Sioni kosa kwa mtu anayekataa gharama za gereji na kuamua kulipaka gari lake rangi mwenyewe, nyumbani, kwa mikebe ya kupuliza. Hali ya maisha imetufunza kujitegemea. Ninaloliona kosa ni ile dhana, ambayo mimi pia niliishikilia hadi majuzi, kwamba kazi hiyo ni baina ya mtu na gari lake, na haimhusu mwingine.

Matatu moja ilinikwaruzia mlango jijini Nairobi. Fundi wa bodi alipotaja bei nilirudi nyumbani nikitikisa kichwa, nikanunua praima, puti, rangi, na ile rangi angavu ya kumalizia, nikaanza kazi uani katika ploti tunamoishi wapangaji wanane.

Kwa wanaotaka kujaribu, naarifu kwamba kazi yenyewe haimo katika kupuliza bali katika msasa. Anayepuliza rangi juu ya kutu anaifunika tu. Kutu huendelea kulila bati chini kwa chini, na baada ya miezi michache malengelenge huchomoza. Sharti ukwangue hadi bati ling'ae, ujaze puti, usugue kwa msasa wa namba 80 kisha 240, upulize praima, usugue tena kwa maji kwa namba 600 au 800, ndipo uiguse rangi. Mkebe hutikiswa dakika mbili nzima na kushikwa umbali wa sentimita 25 hivi, na mkono huanza kutembea kabla kidole hakijabonyeza. Matabaka manne membamba ni bora kuliko moja nene, kwani nene huchuruzika. Langu lilichuruzika mara mbili, na mlango huo siuonyeshi mtu jua la asubuhi linapoupiga.

Hadi hapo hasara ilikuwa yangu. Tatizo lilikuja na ile rangi angavu. Muuzaji alinisifia mkebe wenye kidude chini yake; ukikibonyeza, kigumishi huchanganyika na rangi, na huna budi kuutumia kabla haujagandia ndani. Rangi hiyo hung'aa kama ya kiwandani na haibabuki kwa petroli. Ambalo muuzaji hakuniambia ni kwamba kigumishi hicho kina kemikali ziitwazo isosianati, zinazojulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Mtu akishaathirika nazo, hata kiasi kidogo mno chaweza kumletea shambulio. Leso au barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo; mafundi wa nchi zenye ukaguzi mkali huvaa barakoa zinazoletewa hewa safi kwa mpira.

Nilikuwa nimefika katikati ya mlango wakati mama wa nyumba ya tatu alipotoka amembeba mwanawe. "Baba Njeri, harufu hiyo imeingia hadi chumbani. Mtoto ameanza kukohoa tena." Mtoto huyo ana pumu. Nilijua, kwa maana usiku mmoja mwaka jana nilimpeleka hospitali kwa gari hilihili. Nikauweka mkebe chini. Tulikaa naye barazani upande wa barabarani hadi dawa ya kuvuta ilipomtuliza, na sikupata la kusema.

Baadaye nilisoma maandishi ya mkebe kwa miwani. Onyo lilikuwapo, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa chungu. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila habari hizo hazijaufikia mkebe. Vivyo hivyo onyo la moto: gesi inayosukuma rangi siku hizi aghalabu ni ya jamii ya gesi ya kupikia, nasi tunaipuliza hatua tano kutoka kwenye jiko la makaa la jirani.

Kwa hiyo nataka Shirika la Viwango nchini lidai maonyo hayo kwa Kiswahili kinachosomeka, na mikebe yenye kigumishi isiuzwe kama dawa ya viatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu afanyapo kazi. Basi na iwafikie vijana wa jua kali wanaopuliza rangi hizi kutwa, leso zikiwa zimefungwa puani. Nao wenye ploti wakataze kupuliza uani, hata kama katazo hilo litaniangukia mimi kwanza.

Mlango wangu umebaki nusu waking'aa na nusu umefifia. Nimemrudia fundi yule wa bodi, aumalizie katika kiwanja chake cha wazi, na nimempelekea barakoa yenye vichujio vya makaa. Aliicheka kwanza. Kisha akaniuliza bei yake, nilipomtajia akanyamaza, akaitundika kwenye msumari karibu na kompresa.