Jino la 36 Liko Wapi?

Haya wasomaji, swali la leo: mtu mzima ana meno 32. Sasa hilo jino la 36 aliloandika daktari kwenye mpango wa matibabu liko wapi?

Sisi waandishi wa programu tutaelewa haraka. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo 3 na 6 ni gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Huo ni mpangilio wa kimataifa, ISO 3950, na ni safi kabisa. Meno ya utotoni yana robo zake, 5 hadi 8, ndiyo maana mtoto mwenye meno 20 huweza kuandikiwa jino la 85!

Tatizo ni pale programu inapochapisha data hiyo hiyo na kumkabidhi mgonjwa: "36 RCT, 36 PFM", halafu jumla ya pesa. Hata mchoro wa meno huwa umechorwa kama daktari anavyomtazama mgonjwa usoni, kwa hiyo kushoto kwake kuko kulia kwa karatasi.

Hasara yake si ndogo. RCT ni kusafisha ndani ya mizizi ya jino na kuiziba. Maumivu yanaisha. Mgonjwa ambaye hakuelewa kwamba PFM ni kofia ya kulikinga gego hilo anaona amepona, harudi. Siku moja anatafuna muhindi wa kuchoma, jino linapasuka hadi mzizini, linang'olewa. Pesa alizolipa zimekwenda na maji. Hakudanganywa. Aliambiwa yote, ila kwa lugha ya hifadhidata.

Kumbukeni Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8: mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yake ya kukataa. Tena kwa lugha anayoielewa, kulingana na kiwango chake cha kusoma.

Dawa yake ni safu moja zaidi kwenye jedwali la matibabu: maelezo ya mgonjwa. Kila msimbo uwe na sentensi tatu za Kiswahili: tutafanya nini, kwa nini, na usiporudi itakuwaje. Bei iandikwe kwa kila hatua.

Utasema daktari hana muda. Sentensi hizo anaziandika mara moja tu, tarakilishi inazirudia mara elfu. Muda uliobaki amwombe mgonjwa aeleze mpango kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya sindano. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye taya iliyokufa ganzi atauliza vipi?

Ndugu zangu waandishi wa programu, je, mama yako anaweza kusoma karatasi inayotoka kwenye programu yako?