CAG akisema ukweli anaondoka, hesabu zetu atazilinda nani?



Huku Zagayu ukimtaja CAG kijiweni, wapo wanaosema hayo ni mambo ya Dodoma. Mimi nasema ni yetu kabisa. Simiyu tuna historia na ripoti zake. Mzee John Cheyo wa UDP, mbunge wa Bariadi Mashariki, aliwahi kuongoza PAC, kamati ya Bunge inayozichambua. Na mwaka 2014, kwenye sakata la Tegeta Escrow ambalo CAG alilikagua, jirani yake Andrew Chenge wa Bariadi Magharibi alitajwa bungeni kupokea shilingi bilioni 1.6. Alikana kosa, na 2015 akachaguliwa tena.

Sasa mkumbuke Profesa Mussa Assad. Aliteuliwa na Rais Kikwete 2014. Mwishoni mwa 2018, akihojiwa Marekani, aliulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi. Akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Basi! Spika Ndugai akamwita kwenye kamati, asipokuja aletwe kwa pingu. Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Halima Mdee aliyemuunga mkono akasimamishwa mikutano miwili. Novemba mwaka huohuo, miaka mitano ilipotimia, Rais Magufuli akamteua Charles Kichere.

Zitto Kabwe akaenda mahakamani. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema Assad aliondolewa kinyume cha Katiba. Tumeshinda? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini profesa alishakaa nje ya ofisi hiyo miaka mitatu. Haki ya namna hiyo ni sawa na mvua inayonyesha pamba ikishakauka shambani.

Wapo vijana wanaotaka CAG apigiwe kura, kama yanavyofanya baadhi ya majimbo ya Marekani. Claire McCaskill alikuwa mkaguzi wa kuchaguliwa Missouri, kisha 2006 akashinda useneta. Siungi mkono. Mkaguzi anayetafuta kura atawakaguaje watu anaowahitaji kesho kwenye kampeni? Mimi nachukua njia ya Kenya: Rais anapendekeza jina, Bunge linaidhinisha, anakaa miaka minane, haongezewi hata siku moja. Hana wa kumbembeleza, hana wa kumwogopa. Hilo liingie kwenye Katiba Mpya tunayoidai.

Ila tusisubiri Katiba tukiwa tumelala. Ripoti za CAG zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, bure, kwa Kiswahili pia. Pakua ile ya serikali za mitaa, tafuta halmashauri yako, soma hata kurasa mbili. Kisha nenda mkutano mkuu wa kijiji, nyoosha mkono, muulize diwani kwa heshima: "Mheshimiwa, hoja hii ya mkaguzi mmeijibu vipi?"

Assad alisema peke yake, wakammudu. Tukiuliza vijiji vyote, watatunyamazisha wangapi?