NGOZI YA MTOTO ISIDHARAULIWE

Kwa muda mrefu pumu ya ngozi ya watoto wachanga imehesabiwa kuwa jambo la nyumbani, la mama na bibi, lisilostahili kuwashughulisha wakuu wa afya. Sisi tunaona kwamba hesabu hiyo ina makosa, na wanaolipa gharama yake ni watoto wasioweza kusema wanawashwa wapi.

Tuitazame Chanika, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Ilala, mbele ya Pugu. Hapana anayeweza kusema kwamba Serikali imeisahau Chanika, kwani ipo hospitali ya wazazi iliyojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Korea. Lakini mama ambaye mtoto wake wa miezi sita amekesha akijikuna mashavu mpaka yakatoa majimaji, mara nyingi haendi hospitali. Huenda duka la dawa lililo karibu. Huko huuziwa mrija mdogo wa dawa ya kupaka ambamo dawa tatu zimechanganywa: steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Haulizwi umri wa mtoto, wala haambiwi apake kwa siku ngapi.

Baada ya siku tatu ngozi hung'aa, na mama hushukuru. Akiacha kupaka, ugonjwa hurudi, naye hununua mrija mwingine. Hivyo ndivyo madhara yanavyoingia bila kubisha hodi. Steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, dawa hupenya mpaka ndani na yaweza kuzuia ukuaji wake. Nao bakteria waliozoeshwa dawa ovyo huwa sugu. Tukumbuke kwamba steroidi za namna hiyo ndizo ambazo watu wengine huzitia katika mkorogo wa kujichubua. Kitu ambacho tunamkataza mtu mzima hakiwezi kuwa halali kwa mtoto anyonyaye.

Ni vema wananchi wakauelewa ugonjwa wenyewe. Pumu ya ngozi haitokani na uchafu wala kijicho, na mtoto hamwambukizi mwenziwe. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo wenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Ngozi ya mtoto wa namna hii ni kama ukuta wenye nyufa: unyevu hutoka nje, na vitu viwashavyo pamoja na bakteria, hasa stafilokoka, huingia ndani. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu unaoelezwa katika vitabu vya kigeni hauonekani kwa urahisi. Dalili zake ni mabaka yenye weusi uliozidi au rangi ya kijivu, ukavu, vipele vidogo na mikwaruzo. Bakteria wanaposhambulia, ngozi hutoa majimaji au usaha, huwa na magaga ya rangi ya asali, huvimba na kuwa ya moto.

Matunzo ya kila siku si ya gharama kubwa. Mtoto aogeshwe kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato. Asisuguliwe kwa dodoki, wala asitiwe katika maji makali ya mwarobaini au ya dawa za kusafishia nyumba. Akaushwe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini, na ngozi ingali na unyevu apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na kupakwa huko kurudiwe mara kadhaa kwa siku hata pale ngozi inapoonekana imepona. Kucha zikatwe, nguo ziwe za pamba na zisuuzwe mpaka sabuni iishe. Ngozi inapowaka, mganga ataagiza steroidi hafifu, kama haidrokotizoni ya asilimia 1, kwa siku chache. Ikiwa bakteria wameingia, yeye ndiye atakayeamua kama mtoto apewe antibiotiki, na dozi hiyo sharti imalizwe. Mama asikatishwe kunyonyesha.

Zipo dalili zisizongoja kesho: homa, mtoto kukataa ziwa au kulegea, ngozi iliyovimba kusambaa haraka, au kutokea ghafla kwa malengelenge na vidonda vidogo vya mviringo vyenye maumivu. Vidonda vya aina hiyo huweza kuwa vya virusi vya hepesi, navyo ni hatari kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo pia, mtu mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto.

Hayo ni ya wazazi. Yapo ya Serikali. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini msamaha wa malipo haumsaidii mama iwapo zahanati haina mafuta ya mgando wala haidrokotizoni, na dukani mna mirija mikali tele. Twapendekeza vitu hivyo viwili visikosekane katika zahanati. Twapendekeza pia kwamba mtoto anapopelekwa kliniki kupimwa uzito, avuliwe nguo na ngozi yake itazamwe. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Kuhusu maduka, mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili muuzaji awe mtu aliyefunzwa. Mafunzo hayo yasisahau dawa za ngozi, na wakaguzi wasizipite kana kwamba ni vipodozi. Kuhusu wataalamu, hapa nchini kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kufundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Kituo hicho kimeweza kutengeneza mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa kutengeneza mafuta rahisi ya kulainisha ngozi ya mtoto.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia asidhani kwamba haya ni ya bara pekee. Mirija inayouzwa Chanika huvuka bahari kwa boti ile ile tunayopanda sisi, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hauna budi kuikagua bandarini na madukani. Visiwani tuna mnazi. Utafiti uliofanywa kwa watoto nchini Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mafuta safi ya nazi, yasiyopikwa, yalisaidia ngozi yenye pumu isiyo kali. Basi mafuta hayo, bila udi wala asumini, yaweza kupakwa ngozi isiyo na vidonda. Ngozi inayotoa usaha itibiwe kwanza.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzunguka redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Elimu ya ngozi ya mtoto haihitaji jeshi kubwa kama hilo. Inahitaji muuguzi wa kliniki aliyepewa la kusema na kitu cha kutoa, muuza dawa anayejua la kukataa, na ofisa wa wilaya atakayeuliza kila mwezi kama kopo la mafuta ya mgando lipo zahanatini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umo katika mwili wa mtoto. Tunawataka wahusika waanze kuuziba sasa.