Rangi haijawahi kumwajiri mtu

Juzi asubuhi, kwenye kipindi cha redio ambacho nusu ya Dar es Salaam hukisikiliza ikiwa kwenye foleni, alikaribishwa mtu anayejitambulisha kama mshauri wa ajira. Akaulizwa swali zito: kwa nini kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, aliyetuma maombi kila kona, hajaitwa hata kwenye usaili mmoja? Nilitega sikio nisikie habari za uchumi, za mitaala, za idadi ya nafasi zinazotangazwa. Mshauri akajibu kwamba tatizo ni CV. Haina mvuto. Ni maandishi matupu, meusi, ya kizamani. Vijana wajifunze kuweka rangi, picha nzuri, vialama na michoro ya kuonyesha viwango vya ujuzi. Mtangazaji akaafiki, kisha ikatajwa namba ya simu ya kulipia huduma hiyo. Nilizima redio kwa hasira, na hasira hiyo haijanitoka.

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, nikichambua maombi ya kazi katika kampuni za uwakala wa forodha na usafirishaji. Sijawahi kuona kamati ikimwita mtu kwa sababu ya mkanda wa bluu pembeni mwa ukurasa. Nimeona watu wengi wakiachwa kwa sababu mkanda huo ulimeza kitu tulichokuwa tunakitafuta. Mchambuzi wa maombi hatazami picha ukutani. Anatafuta. Anatafuta majibu ya maswali machache: umefanya nini, wapi, lini, na nani anaweza kuthibitisha? Kila kinachomchelewesha kupata majibu hayo kinamuumiza mwombaji mwenyewe, hata kiwe kizuri namna gani.

Nitoe kisa kimoja. Tulitangaza nafasi ya mtunza stoo. Sifa zilikuwa wazi: stashahada ya ununuzi na ugavi, usajili wa bodi ya wataalamu wa fani hiyo, PSPTB, na uzoefu wa kushika stoo hata kwa muda mfupi. Kati ya maombi ilikuwemo CV ya binti mmoja. Theluthi nzima ya ukurasa, upande wa kushoto, ilikuwa bluu iliyoiva. Juu, ndani ya duara, picha yake akiwa na joho la mahafali. Chini ya picha, vialama: kisimu, kibahasha, kinyumba. Kisha mistari ya kupima ujuzi, uongozi asilimia 90, Excel asilimia 85, Kiingereza nukta nne kati ya tano. Chini kabisa, sehemu ya mambo anayoyapenda: mchoro wa kitabu, wa ndege na wa kikombe cha kahawa. Upande wa kulia, penye uzoefu, mistari miwili tu: mafunzo kwa vitendo, stoo ya dawa, hospitali ya wilaya, na mwaka. Basi.

Mwenzangu aliiweka kwenye fungu la waliokosa, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Binti yule aliitwa baadaye kwa sababu mmoja wa tuliowachagua alipata kazi kwingine. Nilipomuuliza alifanya nini huko fildi, akafunguka. Alikuta dawa zinazoingia zikipangwa mbele na za zamani zikisukumwa nyuma ya rafu, mpaka muda wake unaisha zikiwa humohumo. Yeye na mwanafunzi mwenzake wakashusha maboksi yote sakafuni, wakaandika tarehe ya mwisho ya kila dawa, wakazirudisha rafuni zile zinazowahi kuisha muda zikiwa mbele. Wakalinganisha leja na kilichomo, wakakuta tofauti, wakamwandikia mfamasia taarifa. Kwa mtunza stoo, hiyo ndiyo kazi yenyewe, hakuna nyingine. Na haikuwemo kwenye CV yake hata kwa neno moja.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kiolezo alichopewa steshenari kilikuwa na nafasi ya mistari miwili ya uzoefu, na aliyemtengenezea alimwambia maneno mengi yanaharibu mwonekano. Alilipa shilingi 15,000 kwa huduma hiyo. Binti asiye na kazi, anayepewa nauli na mama yake, alilipa pesa ili afutiwe kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Tulimwajiri. Nami tangu siku hiyo nikiona CV yenye mkanda wa rangi najiuliza ni kazi gani imefutwa ili mkanda huo upate pa kukaa.

Hiyo mistari ya asilimia nayo naomba iishe. Asilimia 85 ya Excel ni asilimia 85 ya nini? Nani alipima? Andika kwamba ulitunza orodha ya bidhaa 400 kwenye Excel na kutoa taarifa kila Ijumaa, nami nitakuelewa mara moja, nitajua nikuulize nini, na nitajua nimpigie nani kuhakikisha. Mstari uliojazwa rangi mpaka karibu na mwisho hauniambii chochote, na mbaya zaidi, unamzoeza kijana kuamini kwamba ujuzi ni kitu cha kuchorwa.

Washauri hawa wana silaha moja wanayoipenda, na juzi redioni ilitolewa tena: kwamba mwajiri anaangalia CV kwa sekunde 6 tu, kwa hiyo lazima umvutie kwa macho. Sekunde hizo 6 zimetoka kwenye utafiti wa kampuni ya Marekani iitwayo TheLadders, wa mwaka 2012, uliofuatilia mwendo wa macho ya wachambuzi 30 wa maombi ya kazi. Anayenukuu sekunde 6 angesoma na ukurasa unaofuata. Macho ya wachambuzi wale yalikwenda kwenye jina, cheo cha sasa na mwajiri, cheo kilichotangulia na mwajiri wake, tarehe za kuanza na kumaliza, na elimu. Walipoonyeshwa kurasa za mtandaoni zenye picha ya mwombaji, picha peke yake ilikula asilimia 19 ya muda wao, muda ulioibwa kutoka kwenye kazi na elimu yake. Kampuni hiyohiyo ilirudia utafiti mwaka 2018, ikapata sekunde 7.4, na CV zilizofanya vizuri zilikuwa zile zenye mpangilio rahisi na vichwa vya sehemu vinavyoonekana wazi. Utafiti wanaoutembeza kila semina unawapinga wao wenyewe!

Halafu kuna mashine. Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa hupokea maombi kupitia programu za kuchuja, na programu hizo zinataka maandishi. CV iliyohifadhiwa kama picha inaweza kuonekana kwazo kama karatasi tupu. CV ya safu mbili inaweza kusomwa mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, safu zote mbili zikachanganyika, ukapata mtu ambaye ni Kiswahili Mhasibu Msaidizi 2021 Kusoma Vitabu. Kijana anayebisha afanye jaribio hili leo kwenye simu yake: afungue CV yake ya PDF, achague maandishi yote, anakili, abandike kwenye ujumbe mtupu. Akitazama kilichotokea ataelewa kwa nini hajibiwi.

Serikalini ndiko imani hii ya rangi inakokosa kabisa pa kusimama. Kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma unajaza taarifa zako mwenyewe kwenye visanduku: elimu, mafunzo, uzoefu. Matangazo yao yanataka maelezo binafsi yanayojitosheleza, anwani na namba za simu zinazopatikana, wadhamini watatu wa kuaminika, vyeti vilivyothibitishwa, na barua iliyosainiwa. Chukua nafasi ya dereva daraja la pili. Wanataka kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa, na kuendesha gari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Bila kusababisha ajali! Niambie rangi ya kueleza hilo ni ipi. Linaelezwa kwa sentensi moja na kuthibitishwa kwa barua ya mwajiri wa zamani.

Na hata pale karatasi inapopita mikononi mwa binadamu, hupita kwanza kwenye printa. Ofisi nyingi huchapa kwa wino mweusi, kisha nakala zinatolewa kwa kila mjumbe wa kamati. Mkanda wa bluu unakuwa mweusi tii, namba ya simu iliyoandikwa humo kwa nyeupe inazibwa na wino, na yale maandishi ya kijivu hafifu yanayoonekana ya kistaarabu kwenye kioo cha simu hayasomeki. Nimekaa kwenye kikao ambapo tulimtaka mwombaji na hatukuweza kusoma namba yake.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni kwamba waajiri wamechoka kuona CV zinazofanana. Anayesema hivyo hajawahi kuchambua maombi hata ya nafasi ya mfagizi. Kufanana ndiko kunakotusaidia! Kama CV 200 zote zina elimu mahali pamoja na tarehe mahali pamoja, nazilinganisha kwa haki mpaka ya mwisho. Ikija moja ambayo lazima niigeuze na kuizungusha nijue mwenyewe alimaliza chuo lini, sisemi huyu ni mbunifu. Naiweka pembeni, kwa sababu nyingine 150 zinasubiri na saa kumi inakaribia. Mwingine atasema ana binamu aliyepata kazi Dubai kwa CV ya rangi tatu. Huyo binamu alipata kazi kwa sababu anajua kuchomelea vyuma, na angepata hata kama angeiandika kwa penseli.

Wabunifu wa picha na matangazo wana hoja yao, nao wanajua dawa yake: wanaambatisha kazi zao. Hata Leonardo da Vinci, alipomwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, kuomba kazi karibu mwaka 1482, hakutegemea mchoro. Rasimu ya barua hiyo ipo mpaka leo. Ni orodha ya hoja kwa namba: anajua kujenga madaraja mepesi yanayobebeka, kuondoa maji kwenye mahandaki, kutengeneza mizinga na magari ya vita. Uchoraji aliutaja mwishoni, baada ya yote. Alijua bwana yule ana vita na anahitaji nini, akamwambia anaweza kufanya nini. Steshenari ya Mwenge isiniambie inajua zaidi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni nani anayelipishwa. Kutafuta kazi hapa kwetu kumegeuka mradi wa kumkamua asiye nacho. Analipa mhuri wa wakili kwenye kila nakala ya cheti. Analipa picha za pasipoti, bando, nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili. Anaambiwa alete uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia, kana kwamba uzoefu unauzwa Kariakoo. Anafanya kazi ya kujitolea miezi mingi bila hata posho ya chakula, na ofisi inayomtumia inajisifu kwamba inamsaidia. Juu ya yote hayo sasa anaongezewa kodi ya rangi, na akikosa kazi anaambiwa kosa ni la karatasi yake.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, ikabidi ufanyikie Uwanja wa Taifa, kwa sababu waliojitokeza walizidi 10,000. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi zaidi ya 130,000 kwa nafasi 1,596. Tuseme wote hao wangekuwa na CV za kupendeza kupita zote duniani. Nafasi zingebaki 70, na zingebaki 1,596. Mshauri anayemwambia kijana kwamba angeitwa kama angeweka bluu anamdanganya, na anawaondolea lawama wote wanaostahili kuulizwa kuhusu ajira, kuanzia wizarani mpaka kwenye bodi za kampuni. Kijana anarudi nyumbani akiamini ameshindwa yeye, akakope tena 15,000 abadilishe kiolezo.

Vyuo navyo viache kuwaleta watu hawa kwenye makongamano. Ofisi za ushauri wa ajira vyuoni zina kazi halisi ya kufanya. Zimwite mwanafunzi akitoka fildi, kabla hajasahau, akiwa na lile daftari alilosainiwa na msimamizi wake. Zimkalishe, zimuulize alifanya nini siku kwa siku, na zimsaidie kuandika sentensi tano zenye kitenzi, idadi na mahali. Kurasa mbili, herufi nyeusi, safu moja, tarehe zinazoonekana, wadhamini wanaopokea simu. Haigharimu kitu.

Na sisi waajiri tuandike kwenye tangazo tunachokitaka na tusichokitaka, rangi na picha zikiwemo, ili mtu asitumie hela yake ya chakula kutufurahisha kwa kitu ambacho hatukukiomba. Kisha tumjibu kila aliyeomba, hata kama jibu ni hapana.